Filta za oili za MGB: tazama mpira kabla ya karatasi

MGB, gari la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na magari yaliyotoka ni mengi kiasi kwamba filta ya oili bado inapatikana kwa urahisi. Kazi ni kuchagua, maana filta zinazoingia kwenye injini hiyo ya cc 1798 ni nyingi kuliko zinazoifaa. Zinazouzwa ni za aina tatu: elementi (kichujio cha karatasi) ya kopo la zamani, adapta ya kubadilisha kopo hilo, na filta nzima ya kufunga kwa kuizungusha ya magari ya baadaye.

Kabla ya kuagiza chochote, fungua boneti uangalie. MGB za mwanzo zina kopo la chuma linaloning'inia ubavuni mwa injini, na ndani yake elementi inabadilishwa peke yake. Za baadaye zina filta inayotupwa nzima, tena imefungwa kichwa chini: mdomo unatazama ardhi. Mwaka wa gari usiuamini sana, kwa sababu injini na vichwa vya filta, yaani vipande vya chuma ambavyo filta hufungwa juu yake, vimehamishwa kutoka gari moja kwenda jingine kwa miaka mingi.

Elementi ya karatasi ndiyo rahisi kuipata, na ndiyo inayoharibiwa zaidi wakati wa kufunga. Elementi nzuri ina mikunjo iliyopangana sawasawa, kingo zake za juu na chini zimegundishwa bila mwanya, na ukiibana kidogo kwa vidole haibonyei. Lakini hata iliyo bora kabisa haina maana kama vitu vidogo vilivyo chini yake havipo. Kwenye bolti ndefu ya katikati, kuanzia chini, kuna pete ya mpira, kisha kopo lenyewe, springi, washa ya chuma, washa ya felti, sahani ya kukalia elementi, na klipu ya kuizuia sahani isichomoke. Ile felti ndiyo inayoziba nafasi kati ya bolti na sahani. Isipokuwepo, oili chafu inapenya hapo na kwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kugusa karatasi, na geji ya presha ya oili haitakuonyesha dalili yoyote. Klipu ikikosekana, sahani na washa hunata kwenye elementi ya zamani, vikatupwa nayo. Kabla ya kutupa elementi yoyote, igeuze utazame kitako chake. Muuzaji anayeuza felti, sahani na klipu pamoja na elementi anastahili sifa, na huyo ndiye wa kununua kwake.

Halafu kuna pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa kichwa cha filta. Hapa ndipo oili inapomwagika. Pete ya zamani hukauka, hulala bapa, na hupata rangi ileile ya chuma chenye grisi; ukipitisha kidole hutaihisi. Chukua tochi na sindano, uichokoe mpaka uone chuma kitupu mzunguko wote. Mpya ikikaa juu ya kuukuu, gari litawaka vizuri, oili baridi itapandisha presha, kisha pete itasukumwa nje na oili yote ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kumwagika kwa muda mfupi sana. Pakiti nyingi huja na pete mbili au zaidi za unene tofauti. Linganisha na ile uliyoitoa, na uchague inayoujaza mfereji bila kuvimba pembeni. Unapokaza, zungusha kopo taratibu kwa mkono ili ukingo wake ukae sawa, kisha ishia kwenye futi-pauni 15, yaani kama Nm 20. Anayekaza kwa hasira hubonyeza kitako cha kopo, na kopo lililobonyea halizibi tena.

Adapta inaondoa usumbufu wote wa springi na washa. Ni kipande cha chuma kinachokaa mahali pa kopo, ukafunga filta ya kawaida chini yake. Kwa gari linaloendeshwa mara kwa mara, tunaipendekeza bila kusita: kubadilisha filta kunakuwa kazi ya dakika chache, na unaweza kuijaza oili kabla ya kuifunga. Kagua mambo mawili. Uso unaokutana na pete uwe umechongwa laini, usiwe na vishimo. Kiungo chenye nyuzi za skrubu kiwe kimekazwa imara, maana kilicholegea kitatoka pamoja na filta siku ya kuifungua. Ule mfereji wenye pete kuukuu bado ni uleule, kwa hiyo sindano na tochi haviepukiki. Kopo la asili lihifadhi pamoja na vitu vyake.

Filta ya kichwa chini inadai uangalifu zaidi. Gari likilala, oili iliyo juu inataka kushuka, na kinachoizuia ni kipande cha mpira kilicho nyuma ya matundu madogo ya mdomoni. Kikiwa kigumu, asubuhi sindano ya geji inakaa sifuri kwa sekunde kadhaa huku injini ikizunguka kavu. Mpira wa silikoni unavumilia joto na kubaki laini kuliko mpira mweusi wa kawaida. Ubonyeze kwa kijiti butu kupitia tundu: unatakiwa urudi papo hapo. Namba ya kuulizia ni GFE121. Majedwali ya kulinganisha namba hutazama nyuzi na kipenyo cha pete, na mara nyingi hayasemi lolote juu ya mpira huo.

Nyuzi nazo zina mtego. Za MGB ni inchi 3/4 zenye nyuzi 16 kwa inchi, kipenyo cha mm 19.05. Filta ya nyuzi za milimita, M20 x 1.5, itaingia na hata kuonekana imeshika, ila nyuzi zinagusana kwa ncha tu. Ikitikisika huku na huko unapoizungusha, irudishe dukani. Presha ya oili inaweza kuing'oa.

Kuitoa ile ya kichwa chini bila kuogesha injini, itoboe juu kwa msumari, subiri oili ishuke, ndipo uifungue. Mpya ipake oili kwenye mpira, ifunge kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Chomoa waya mwembamba wa koili, zungusha injini kwa stata mpaka geji ipande, rudisha waya, uwashe. Injini ikishapata moto, tarajia psi 50 hadi 80 ukiwa mwendoni na 10 hadi 25 ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu gari likiwa limesimama. Zima, subiri dakika chache, soma dipstiki na uongeze oili iliyoingia kwenye filta.