Nimeipa C2Rust programu yangu ya C, tazameni ilichonirudishia

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua C2Rust, programu inayochukua msimbo wa lugha ya C na kuuandika upya kwa Rust, lugha inayosifika kwa kuzuia makosa ya kumbukumbu. Imetengenezwa na Galois na Immunant, haina malipo, na msimbo wake uko wazi.

Usakinishaji sitaukalia. Inahitaji Clang, yaani kompaila ya C, na faili ya compile_commands.json inayoorodhesha amri za kukompaili, ambayo zana ya CMake inaweza kukutengenezea.

Sasa tazameni skrini. Kushoto ni programu yangu ya C, mistari 400 hivi. Kulia ndicho nilichopewa. Imekubali kukompailiwa mara ya kwanza, majibu ni yale yale, na hapo naipa heko kwa moyo wote. Lakini hebu tusome. Luupu zangu za for zimekuwa while. Kila namba imefungwa mkia wa kutaja aina yake. Na pale nilipotumia goto, amri ya kuruka hadi sehemu nyingine ya msimbo, ambayo Rust haina, imeniundia kigezo kinachoitwa current_block, chenye namba ndefu ndefu za kuamua programu iende wapi. Inafanya kazi sawasawa, ila kuifuata kwa macho inachosha.

Kinachoniuma zaidi ni makro, yaani majina ya mkato ambayo C huyabadilisha kwa thamani zake. Majina niliyoyaweka kwa #define hayapo, imebaki 4096 tupu. Sababu ni kwamba Clang huyafumua kabla C2Rust haijauona msimbo. Ndiyo maana hata vipande vyangu vya #ifdef, vya kukompailiwa kwenye Windows tu, vimepotea: nilitafsiri nikiwa kwenye Linux, nikapata programu ya Linux tu. Mwenye maktaba inayotumika kwenye mifumo mitatu alipime hili mapema sana.

Na usalama je? Angalieni, fanksheni zangu zimeandikwa unsafe, yaani humo Rust inaruhusu mambo isiyoweza kuyathibitisha kuwa salama. Nilikuwa na kosa la zamani, pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, inayosoma hatua moja nje ya mwisho wa orodha. Nilitarajia Rust italikamata. Wapi! Pointa ghafi hazikaguliwi, kosa limehama na mizigo yake.

Mbona basi naipenda? Kwa sababu fanksheni zilizotafsiriwa bado zinaitika zikiitwa kutoka C. Unatafsiri faili moja, unaiunganisha na za C zilizobaki, unaendesha majaribio, ndipo unaanza kusafisha fanksheni moja moja. Njia yenyewe ni ya zamani: programu ya f2c ndiyo iliyoigeuza LAPACK, maktaba ya hesabu ya lugha ya Fortran, kuwa CLAPACK ya C, nayo pia ilitoa msimbo mgumu kusomeka.

Kama msimbo wako wa C umetulia na huna mpango wa kuugusa, usiutafsiri. Uite tu kutoka Rust, zana ya bindgen itakuandikia matamko ya Rust ya fanksheni hizo za C. Kama utauendeleza kwa miaka na una majaribio ya kutosha, ichukue C2Rust. Bila majaribio, mimi nisingethubutu.

Video ijayo nalirudia lile kosa la orodha: natoa pointa, naweka slice, kipande cha orodha kinachojua urefu wake, tuone Rust ikilikamata.