Uzoefu wangu na Aliens: Dark Descent: gemu ya kujificha, si ya kufyatua

Wengi wanaishia kuilaumu Aliens: Dark Descent kwa sababu wanaingia nayo kama gemu ya kufyatua risasi, kisha wanasagwa Dead Hills, misheni ya kwanza ya maana, wanaifuta. Mimi naiweka juu kabisa kati ya gemu za kikosi, ila lazima uikubali ilivyo. Ilitoka Juni 2023 kwa PC, PlayStation na Xbox, kazi ya Tindalos Interactive ya Ufaransa. Meli ya angani USS Otago imeanguka kwenye Lethe, mwezi wa anga za mbali, nawe unashusha kikosi kidogo cha askari kwa wakati mmoja. Anayekufa hafufuki.

Kitu cha kutazama kuliko vyote ni kipimo cha hasira ya mazimwi, yaani viumbe wa angani unaopambana nao. Kila unapoonekana, wanaanza kukuwinda, na muda wote wa kuwindwa hasira inapanda. Ikifika kiwango fulani, unatangaziwa shambulio kubwa, wanamiminika kundi zima, na kuanzia hapo hata doria za kawaida zinakuwa nzito zaidi. Kwa hiyo hasara ya kuonekana si risasi ulizotumia tu. Ni saa nzima inayofuata. Ukionekana, maliza haraka, usikimbie ovyo ukaamsha wengine njiani.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Rada inakuonyesha nukta zinazotembea. Ukiona moja inakuja, ingia chumba cha pembeni, funga mlango, subiri ipite. Vifaa vya rada unaweza pia kuviacha mahali, halafu ukakiwasha kimoja kwa mbali ili kimvute zimwi upande usiotaka kupita. Bunduki ya kudungua yenye sailensa ni dhahabu kwa zimwi aliye peke yake, ila hakikisha kwenye rada hakuna mwenzake jirani kabla hujaruhusu risasi itoke.

Pambano likishindikana kuepukwa, mpangilio ndio unaokuokoa. Pointi za amri, unazolipia kila amri maalum, ni chache na zinajijaza polepole, kwa hiyo usianze na bomu. Simama mwisho wa korido ndefu, mgongo ukiwa salama. Tega bunduki za kujiendesha zikitazama korido. Kisha amuru risasi za kuzuia zifunike njia yote: zimwi anayeingia eneo lile anapunguza mwendo, na kikosi kizima kinapata nafasi ya kummaliza akiwa mbali. Moto ziba nao mlango wa pili. Shotigani ibaki kwa yule aliyepenya, kwa sababu wakifia miguuni pako damu yao ya tindikali inaunguza askari wako. Pambano likiisha, okota bunduki zako. Watu wanazisahau, halafu wanalia misheni ya mbele.

Kwenye mipangilio, chagua gemu isimame kabisa unapotoa amri, badala ya kupunguza mwendo tu. Hakuna aibu hapo. Kwa anayecheza na padi naona ni lazima.

Msongo wa mawazo nao unaua. Askari mwenye hofu analenga vibaya na anaanza kupata kasoro zinazodumu. Tafuta chumba chenye milango michache, ichomelee yote, pumzisha kikosi. Msongo unashuka na gemu inajisevu palepale, jambo kubwa kwa sababu huwezi kusevu unapotaka. Vifaa vya kazi vinaisha, basi usivitapanye kwa kila kasha lililofungwa. Bakiza vya kuchomelea.

Sehemu ninayoipenda zaidi, na inayopuuzwa zaidi, ni kwamba unaruhusiwa kuondoka. Rudi kwenye gari la deraya, panda, toka. Kazi uliyoikamilisha inabaki imekamilika, na ukirudi siku nyingine kipimo cha hasira kinaanza upya. Gharama yake ni siku moja, na kadiri siku zinavyokwenda Lethe inazidi kujaa mazimwi, kwa hiyo usiondoke kwa mkwaruzo. Lakini majeruhi wawili na risasi za kuhesabu? Ondoka. Ukishafika melini, wapumzishe hao na uandae kikosi cha pili, maana kuwarudisha waliochoka ndiko kunakomaliza kampeni nyingi, si malkia wa mazimwi.