“Farasi Wako Ndiye Mrefu Mno”: Trela Nililotengenezewa na Yaliyompata Jabali

“Mzee, trela halina kosa. Farasi wako ndiye mrefu mno.”

Naanza na maneno hayo kwa sababu ndiyo yanayonikosesha usingizi, si pesa. Niliambiwa nikiwa nimesimama juani katika karakana moja ya kuchomelea huko Mombasa, simu mkononi, nikionyesha picha ya utosi uliopasuka wa farasi wangu, Jabali. Mwenye karakana alikuwa ameketi kivulini. Hakuinuka, hakunikaribisha kiti, na ile picha aliitupia jicho mara moja akarudi kwenye chai yake. Nimeishi na farasi tangu ujana wangu, nilianza nikiwa saisi wa kulisha na kusafisha hapa hapa Malindi, na sijapata kumsikia mtu akimlaumu mnyama kwa kimo alichopewa na Mungu. Fundi cherehani akikushonea kanzu ikaishia magotini, atakwambia miguu yako ndiyo mirefu?

Jabali huwapandisha wageni ufuoni. Wenye farasi hupima kwa viganja, kila kiganja inchi 4, na yeye ana viganja 17, sawa na sentimita 173 hivi. Na hapo tumepima begani. Shingo na kichwa havijaingia. Hili wengi hawalijui, na ndilo lililotuponza: farasi akishtuka, kitu cha kwanza ni kuinua kichwa. Jabali akiinua chake, saisi wangu, kijana mrefu kunishinda, hafikii masikio hata akisimama kwa ncha za vidole.

Masika ikishika, wageni huondoka, ufuo ukabaki wa kaa na wavuvi. Wakati huo humpeleka Jabali upande wa Kilifi kwenye malisho ya jamaa yangu, apumzike. Miaka mingi tuliazima lori la ng'ombe, tukatafuta ukingo wa shimo la mchanga ili apate pa kupandia, na kila mara roho yangu ilikuwa mkononi. Basi nikajinyima misimu kadhaa. Kaskazi moja ikielekea kuisha, si nyingi zilizopita, nikawa na pesa za kutengenezewa trela langu mwenyewe.

Nilimpigia simu yule mwenye karakana wa Mombasa. Nikampa kimo, upana wa kifua, na urefu kutoka kifuani hadi matakoni. Nikavirudia vipimo vyote. Akanijibu, “Usijali mzee wangu, farasi ni farasi, nimeshatengenezea wengi.” Baadaye ndipo nikajua kuwa hao wengi walikuwa farasi wadogo wa kupandwa na watoto. Nusu ya malipo nilituma siku hiyo hiyo. Sikwenda kulitazama likiwa bado mifupa mitupu, na hilo litaniuma daima, kwa sababu chuma kikiwa hakijavikwa bati unaweza kuingia ndani na futi yako ukapima mwenyewe, na kurekebisha ni kazi ya siku moja.

Lilipoingia getini kwangu nilitokwa na machozi. Rangi ya kijani, mstari mweupe ubavuni, ekseli mbili, ubao wa nyuma wa kupandia una springi hata mtoto angeuinua. Majirani walikuja kutazama. Saisi akaingia ndani, akasimama, akaniita, “Ami, mbona paa hili naligusa bila hata kunyoosha mkono?” Nilimwambia anyamaze. Nilitaka kufurahi, na siku ile nilifurahi.

Safari ya kwanza tulitoka alfajiri, mara tu baada ya swala, kabla jua halijapata makali. Jabali aliingia kwa kusitasita, kichwa ameinamisha kama mtu anayeingia kibandani kwa watu asiowajua. Hadi Msabaha tulikwenda salama, mwendo wa pole. Gede, kwenye matuta, basi la abiria likatupita likipiga honi ndefu. Hapo nikasikia kishindo. Sitakisahau. Hakikuwa cha kwato. Kilikuwa cha mfupa ukikutana na chuma, kisha trela zima likayumba huku na huku hadi usukani ukanicheza mikononi.

Nilipofungua mlango mdogo wa mbele damu ilikuwa inamtiririka kutoka utosini, inapita katikati ya macho. Juu yake kulikuwa na chuma cha kushikilia paa, chuma kitupu, hakikuvishwa hata kipande cha sponji. Saisi alikuwa analia. Mama mmoja aliyekuwa anapanga nazi kando ya barabara aliiacha biashara yake, akaja na ndoo ya maji na leso yake, akasema, “Mtoeni, wanangu. Humo ndani hamumtoshi.” Mama yule hajawahi kumiliki farasi maishani mwake. Aliliona mara moja jambo ambalo mtu aliyelipwa alitakiwa kuliona kwa wiki tatu nzima.

Jabali hakukubali kurudi ndani, nami sikumlazimisha. Tuliacha gari na trela kwa yule mama, tukamrudisha Jabali kwa miguu, kilomita kama 15, mimi na saisi tukipokezana kamba. Kipande kilicho karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke tulikuwa tukimpungia leso njia nzima, maana mule mna mbung'o, na maradhi yanayoletwa na mbung'o humuua farasi taratibu huku ukimtazama. Jua lilitukuta njiani. Yeye alitembea kichwa chini, hakulalamika.

Siku chache baadaye nikaenda Mombasa. Sikwenda kudai pesa, wallahi. Nilitaka aniambie pole, kisha tukubaliane paa lipandishwe. Nikapewa hilo neno la urefu. Nilipomkumbusha vipimo nilivyompa akasema, “Nyinyi wa huko mmezoea punda. Muuze huyo utafute mdogo.” Vijana wake wakacheka.

Mama yangu mzazi ni mtu wa Lamu. Kule punda ndiye gari, katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na tangu 1987 kuna kliniki wanakotibiwa bila malipo. Mtu wa Lamu akitaka kumvusha punda kwa mashua, humtazama kwanza mnyama, akatazama maji, ndipo akatazama mashua. Kwa hiyo kuambiwa nimezoea punda hakunivunjii heshima. Kilichonivunja moyo ni mtu kula pesa yangu na huku anamhesabu Jabali kama mifuko ya saruji.

Sasa wewe mwenye farasi mkubwa unayetafuta trela, nakuomba unisikilize. Farasi wa kimo hiki anataka futi 7 na nusu kutoka sakafuni hadi paani. La kwangu lilikuwa futi 6 na inchi 8. Ukiambiwa “atainamisha kichwa,” ondoka hapo. Ni kweli anatakiwa aweze kukiinamisha, tena sana, kwa sababu farasi hutoa vumbi na makohozi kifuani kwa kushusha kichwa, na akifungwa kichwa juu safari ndefu anaweza kushikwa na homa ya mapafu. Lakini kuinamisha kwa hiari yake ni jambo moja na kulazimishwa na bati ni jambo jingine. Kwa hiyo hata chuma cha kifuani, kile kinachomzuia kwa mbele, kisimbane. Mbele yake pawe na nafasi ya shingo kushuka, na nyuma asiwe amekalia mnyororo wa kumzuia. Halafu miguu. Sisi kwenye matatu tukipita kona tunashika kiti. Farasi hana mkono, yeye hutanua miguu ndipo asimame imara. Ukimtia kwenye nafasi nyembamba ataanza kuparamia ukuta kwa kwato, utadhani amepagawa, kumbe anatafuta tu pa kukanyaga.

Na joto. Hapa kwetu bati lisilo na kitambaa wala mbao ndani yake ni tanuri. Trela langu lilikuja na vidirisha viwili vya kupitisha paka. Pia kumbuka uzito: Jabali peke yake amepita kilo 600, ukiongeza chuma chote hicho unavuta zaidi ya tani moja na nusu. Pikapu ndogo itavuta, ndiyo. Kusimama kwenye mteremko wa kuingia Kilifi ndiyo shughuli. Trela lisilo na breki zake lenyewe usilikubali hata ukipewa bure.

Na hapo lazima niwe mkweli, ingawa roho inakataa. Breki za trela hili ni nzuri. Ekseli zile mbili zimetulia, na siku tairi moja lilipopasuka karibu na Matsangoni tulikwenda upande taratibu bila kuyumba. Fundi mwingine, wa hapa hapa mjini, alilikata paa, akalipandisha hadi futi 7 na inchi 8, akatoboa madirisha manne na kuvisha vyuma vyote sponji na turubai. Jabali ilituchukua wiki nyingi kumrudishia imani. Kila asubuhi saisi alimwekea chakula chake juu ya ule ubao wa kupandia, kesho yake hatua moja ndani, keshokutwa mbili. Siku akishtuka tulianza upya. Siku alipoingia mwenyewe mpaka mwisho, akashusha kichwa na kula, saisi alinishika mkono na hatukusema kitu.

Safari ya mwisho, majuzi, tulifika Kilifi bila hata tone la jasho shingoni mwake. Kwa hiyo nilipokaa kuandika haya nilikuwa nimekwisha kuamua kusema hivi: kazi ya chini ni imara, kazi ya juu ni mbovu, adabu hakuna, lakini ukisimamia vipimo mwenyewe unaweza kumpa kazi yule bwana wa Mombasa. Nilikuwa tayari kusema hivyo hata baada ya yeye kunipigia simu wiki iliyopita, kwa sauti tamu, akiniomba nimtumie picha ya trela lenye paa jipya awaonyeshe wateja. Hakuuliza utosi wa Jabali ulipona au haukupona. Nilikata simu.

Sasa nayafuta yote hayo. Usimpe kazi. Jana jioni, ili niandike kwa uhakika sakafu ina unene gani, niliinua ule mkeka mzito wa mpira ambao tangu siku ya kwanza nilikuwa nikiusifia. Chini yake nilikuta plaiwudi. Si mbao, plaiwudi, imepakwa rangi ya mbao! Mkojo wa farasi ulikuwa umeingia kutoka kwenye kingo, na pale anapokanyaga kwa miguu ya nyuma imevimba na kulainika. Nilichoma kwa kisu cha jikoni, kikazama hadi mpini. Nilikaa chini pale pale. Nimepita na Jabali juu ya daraja la Kilifi nikiwa nimemsimamisha juu ya kitu kile. Lau ingekatika, mguu wake ungekutana na lami gari likiwa linakwenda. Nilitetemeka, na nikiandika haya bado nayaona. Kama una trela la farasi, liwe la nani na la bei gani, inua mkeka leo. Ingia na chini ya uvungu, choma kila ubao.

Asubuhi hii nimemleta mzee mmoja anayeunda mashua, ambaye mikono yake imezoea mbambakofi, mbao ngumu za mashua. Nilimwonyesha trela, hakulisogelea. Akauliza, “Mwenyewe yuko wapi?” Nikadhani ananiulizia mimi. Akaenda bandani, akamsalimia Jabali kwa sauti ya chini, akamwekea kiganja begani, akatazama anavyopanga miguu akiwa amesimama, akamwomba saisi amtembeze kidogo, akatazama tena. Kisha akatoa futi mfukoni na kuanza kupima kutoka kwato ya kulia hadi ya kushoto.

Mbao zinaanza kukatwa kesho.