Starless and Bible Black ya King Crimson: isikilize gizani

Jana umeme ulikatika mtaani toka saa mbili usiku, simu ina chaji asilimia 40, nikasema basi ngoja nimalizane na hii albamu maana nimekuwa naionja onja tu. King Crimson, bendi ya roki ya Waingereza, mzigo wa mwaka 1974. Mi nimezoea mtu aimbe bana, ukiniambia muziki hauna maneno nawaza ule unaopigiwa ukiwa umesubirishwa kwenye simu. Hii siyo hiyo kabisa.

Ujue sehemu kubwa walirekodi laivu jukwaani 1973 halafu wakafuta makofi na kelele za watu, kwa hiyo unasikiliza ukijua ni studio kumbe jamaa wako mbele ya ukumbi mzima na vipande vingine wanavitunga hapohapo, hakuna aliyejua vinaishia wapi. Nyimbo ziko 8, mbili za mwanzo tu ndo za studio mwanzo mwisho, zina kuimba, besi ya John Wetton inakoroma kama fuso linapanda mlima. Nzuri, ila sizo zilizonikalisha. The Mincer ndo sijaielewa mpaka leo, inakatika ghafla tu nikajua simu imezima.

Sasa Trio. Violini ya David Cross, besi, na Robert Fripp yuko kwenye meletroni, kile kinanda ambacho kila kibonye kinavuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa, hapa sauti ni ya filimbi. Mpiga drams Bill Bruford hapigi hata mara moja! Alikaa pale na fimbo zake kifuani akaona wenzake wanatosha, na jina lake likaandikwa kwenye watunzi vilevile. Nilivyolijua hilo nikairudia, aisee, unaanza kumsikia alivyonyamaza.

Ukigeuza santuri upande wa pili haina neno hata moja. Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza chinichini mno, hedifoni zangu za Kariakoo nikazigonga gonga nikidhani upande mmoja umekufa, kumbe wanakuja taratibu, kitu kama mtu anatembea juu ya bati usiku na wewe uko ndani umebana pumzi.

Halafu Fracture, dakika 11, ilirekodiwa Concertgebouw kule Amsterdam, ukumbi ambao wenyewe wamezoea okestra. Fripp, hapa yuko kwenye gitaa, anadonoa noti mojamoja mfululizo, vidole havisimami, kama bibi anachambua mchele kwenye ungo, dakika nzima, mbili, unasubiri kitu kitokee hakitokei, unachoka kusubiri, ndo hapo mwishoni gitaa na besi na drams vinaangukia pamoja mpaka nikatoa hedifoni sikio moja. Dada'angu akauliza toka chumba cha pili, "We unaangalia filamu ya mashetani gizani humo?" Nikamwambia ni muziki, akasema muziki gani hauna mtu.

Siyo ya kusikiliza kwenye daladala, nilijaribu, konda akipiga bodi mara mbili ushapoteza nusu ya wimbo. Na kama hupendi kusubiri, dakika 20 za upande wa pili zitakuudhi, sikudanganyi.

Umeme haukurudi. Chaji ikabaki asilimia 9, nikairudisha Fracture mwanzo.