Wikiendi nzima na redio za muziki wa klasiki: uzoefu wangu hapa Dodoma

Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kanisa la Anglikana hapa Dodoma, na mwenyewe naimba sauti ya tatu. Muziki wa watunzi wa zamani wa Ujerumani, kina Händel na Bach, nimeujua kwa karatasi. Ni fotokopi ya fotokopi, solfa (zile do, re, mi za herufi) zimefifia, d na s huzitofautishi mpaka uisogeze karatasi dirishani. Aleluya Kuu tumeiimba Pasaka nyingi, na watu wanasimama kabisa tukiianza. Lakini *Messiah* nzima, ile kazi ndefu ya kwaya na okestra ambayo Aleluya Kuu ni kipande chake kimoja tu, Händel aliiandika mwaka 1741 na ikapigwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, na mimi nimekaa miaka yote hii bila kuisikia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu unafundisha chumba kimoja cha nyumba ambayo hujawahi kuingia.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, kwaya ikiwa mapumzikoni baada ya Krismasi, nikajipangia Jumamosi na Jumapili nzima za kusikiliza redio za klasiki kwa njia ya intaneti. Naandika kwa walimu wenzangu wa kwaya na kwa yeyote anayejiuliza kama inafaa kutumia bando lake kwa jambo hili. Mimi nasema inafaa sana. Ila kuna mambo bora uyajue mapema.

La kwanza ni hilo bando lenyewe. Vituo vingi hutuma sauti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama MB 58 kwa saa, maana yake opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya saa tatu na nusu inakula kama MB 200. Mimi nilisikiliza jumla ya saa kumi na moja hivi na GB 1 ilinitosha, ikabaki kidogo. Wapo wanaotoa pia kiwango cha chini, kilobiti 64, ambacho kinakula nusu yake. Nilikijaribu robo saa nikarudi kwenye 128, kwa sababu violini zilikuwa zinakwaruza na kwaya ikawa sauti moja nene, huwezi kutenganisha nani anaimba nini. Kwa mtu wa kwaya hapo hakuna faida.

La pili ni spika. Nilianza na spika ndogo ya bluetooth ya mwanangu, ile anayopigia Bongo Fleva. Haina besi ya kweli, sauti ya nne yote inamezwa. Ukiwa na hedifoni, hata za kawaida za waya, tumia hizo.

Jumamosi ndiyo ilikuwa kubwa. Jumba la Metropolitan Opera la New York limekuwa likirusha opera redioni tangu Desemba 25, 1931, na mpaka leo katika msimu wao Jumamosi mchana ni siku ya opera. Vituo vingi vya Marekani vinaipokea na kuirusha, na vingi kati ya hivyo unavipata bure mtandaoni. Miezi hii ya baridi kwao tunawazidi saa nane, kwa hiyo saa saba mchana ya New York ni saa tatu usiku Dodoma. Watoto wameshalala, jirani amezima televisheni, mtaa wetu wa Nkuhungu wote umetulia. Sijui muda mzuri zaidi ya huo.

Ilikuwa *Aida* ya Verdi. Nilikuwa na mama yangu sebuleni, amekuja kutoka Chamwino kutibiwa macho na anakaa kwetu. Nilidhani ataenda kulala baada ya dakika tano. Hakwenda. Kabla ya kila sehemu mtangazaji anaeleza kwa Kiingereza kinachokuja, nani anampenda nani, nani ana siri gani, na mimi nikawa namtafsiria mama. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa, anatumikishwa kwa Wamisri, na anampenda jemadari wa jeshi hilohilo linalopigana na baba yake. Opera hii ilipigwa mara ya kwanza Cairo, Desemba 24, 1871. Mwitaliano ameiandika, lakini habari yake ni ya upande huu wa dunia.

Sehemu ya pili ina tarumbeta za jeshi linalorudi na ushindi, na hiyo hata spika mbovu itakuonyesha. Kilichonishika mimi ni sehemu ya tatu. Usiku, ukingoni mwa Nile, Aida yuko peke yake anaikumbuka nchi yake ambayo hataiona tena. Zumari linatangulia, anafuata. Mama akaniuliza:

"Baba, huyu anamlilia nani?"

"Analilia kwao, mama. Yuko ugenini, kando ya mto Nile."

"Nile hii inayotoka Ziwa Victoria?"

"Hiyohiyo, mama."

Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Basi maji yanakwenda na yeye hawezi kurudi."

Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu kuhusu wimbo ule, na hakuna lililonifungua kama sentensi hiyo ya mama.

Mvua ilianza saa sita kasoro. Nasi tunaishi chini ya bati bila dari sebuleni, na mvua ya Dodoma ikishuka inashuka kwa nguvu, kana kwamba inalipa deni la miezi yote ya kiangazi. Na hapo ndipo *Aida* ilikuwa inaingia mwisho wake, ambao ni wa kimya kabisa: yule jemadari amefungiwa hai ndani ya kaburi la mawe, anagundua Aida amejificha humo ili afe pamoja naye, wanaimba wawili kwa sauti inayozidi kupungua. Nikapandisha spika hadi mwisho, ikaanza kupasuka. Bati linashinda. Nikachomeka hedifoni za waya kwenye simu, sikio moja langu, sikio moja la mama, tukakaa vichwa vimegusana kwenye kochi, mkono wangu umeziba sikio langu la pili. Ndivyo tulivyoimaliza. Juu yao, nje ya kaburi, mwanamke mwingine anaomba amani kwa noti chache sana, violini zinapanda mpaka huzisikii, na mvua.

"Wameshakufa?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Sauti zao zimeshafika."

Ushauri wangu kwa wakazi wa kanda ya kati: msimu wa mvua, usiku, uwe na hedifoni karibu. Muziki huu una sehemu za sauti ndogo sana, ndogo kuliko chochote tunachokisikia kwenye redio zetu za kawaida, na ukizikosa umekosa nusu ya kazi. Mapumziko ya katikati nayo usiyaruke. Wana kipindi cha maswali ambapo wajuzi wa opera wanaulizwa mambo na wasikilizaji, na humo nimejifunza kuhusu pumzi za waimbaji kuliko kwenye semina mbili za walimu wa kwaya nilizohudhuria.

Jumapili asubuhi nilitoka ibada ya kwanza, nikafika nyumbani saa nne, nikafungua kituo kimoja cha Ujerumani. Redio za kule zina desturi nzuri ya kupiga kantata ya Bach, kazi ya ibada ya waimbaji na okestra, asubuhi ya Jumapili. Hapa nitakuwa mfupi: mtangazaji anaongea Kijerumani, sikuelewa kitu, na bila kuelewa maneno nusu ya kantata ilinipita. Jipatie tafsiri kabla hujaanza. Hata hivyo mwishoni kwaya ilifunga kwa wimbo wa kitabuni, sauti nne wazi, kila moja inakwenda kwa miguu yake, na mke wangu akaacha kukatakata mlenda jikoni akaja mlangoni. Zimebaki kama kantata 200 za mtu huyu. Alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723, miaka ile ya mwanzo alikuwa akiandika mpya karibu kila wiki, na waimbaji wake wengi walikuwa vijana wa shule. Sisi wimbo mmoja wa sauti nne tunaukalia wiki sita. Nimeanza kumheshimu mwalimu yule kwa namna nyingine.

Mchana nilifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilihamia redio moja ya hapahapa nchini, sitaitaja, iliyokuwa na kipindi cha ngoma za asili. Nilitaka mama naye apate chake. Ikapigwa ngoma ya Kigogo, muheme, ngoma ya wanawake, wale wanaobana ngoma katikati ya magoti na kupiga huku wanaimba. Mama alikaa wima. Alitambua wimbo kabla mimi sijatambua hata ni ngoma gani. Akaanza kujibu, sauti ya chini ya wale wanaoitikia, kwa usahihi ambao ningeulipia kwenye kwaya yangu.

Wimbo ulikatwa katikati kwa tangazo la biashara. Uliporudi ulikuwa mwingine. Mtangazaji akasema, "Hiyo ilikuwa burudani kutoka Dodoma," akaendelea na salamu. Hakutaja kikundi, wala kijiji, wala mwaka uliorekodiwa, wala anayeongoza. Mama aliendelea kutazama spika kama mtu anayesubiri mgeni aliyesema anakuja.

Hili limeniuma na linaniuma bado. Usiku uliotangulia mtangazaji wa New York alimtaja kila mwimbaji kwa jina, hata mwenye mistari michache. Na muziki wa Wagogo si burudani ya kujazia muda. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa hapahapa Dodoma, aliuzungusha duniani na zeze lake la nyuzi na ilimba yake, kinanda kidogo cha vidole gumba, mpaka alipofariki Desemba 2003, na vijana aliowafundisha Bagamoyo ni wengi. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, kila mwaka. Mchana huohuo nilijaribu kuandika solfa ya wimbo aliokuwa akiitikia mama. Nilikwama kwenye noti moja. Nikiandika la, iko juu yake. Nikiandika ti, iko chini. Nilimwambia mama aiimbe tena mara nne, na mara zote nne aliiweka palepale, haikutikisika. Si kwamba mama anakosea. Ngazi ya Kigogo inafuata sauti za asili za uzi unaotetemeka, na noti ile, sauti ya saba katika mfuatano huo wa asili, haikai kwenye vinanda vyetu wala kwenye solfa. Niliacha nafasi tupu kwenye karatasi, nikachora mshale.

Jioni, saa kumi na mbili, nikafungua Radio 3 ya BBC kusikiliza Sala ya Jioni ya kwaya. Wanairusha tangu Oktoba 1926, ya kwanza ikitoka Westminster Abbey. Hurushwa katikati ya wiki na kurudiwa Jumapili. Kwa Mwanglikana ni ajabu ya pekee, maana mpangilio unaujua kwa moyo: zaburi, somo, Wimbo wa Mariamu, somo, Wimbo wa Simeoni. Unaweza kufuata na kitabu chako cha sala cha Kiswahili mkononi, na mimi nilifuata. Walimu wenzangu, sikilizeni wanavyoimba zaburi. Hakuna mdundo wa kuhesabu. Kwaya nzima inasema maneno kama mtu mmoja anayeongea, inaharakisha penye silabi nyingi, inatulia katikati ya mstari, na mle kwenye utulivu unasikia mwangwi wa jengo la mawe ukipotea taratibu. Kanisa letu ni la bati, mwangwi hatuna, lakini kile kituo cha katikati ya mstari tunaweza kukifanya na hakihitaji jengo. Kati ya yote niliyoyasikia, hiki ndicho nitakachokipeleka kwenye mazoezi.

Kwa hiyo nani namshauri? Mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, mwanafunzi wa muziki: anza na opera ya Jumamosi, malizia na Sala ya Jioni ya Jumapili. Asiyejua Kiingereza atapata shida kwenye maelezo, na maelezo ndiyo yanayokuongoza, hivyo sikiliza na mtu anayeweza kukutafsiria. Kantata ziache mpaka uwe na maneno mkononi. Usijaribu kusikiliza huku unafanya kazi nyingine, nilijaribu Jumamosi mchana nikatoka patupu.

Ibada ile ya BBC ilipokwisha mtangazaji akaanza kutaja.

"Anasema nini sasa?" mama akauliza.

"Anataja walioimba, mama. Mwalimu wao, mpiga kinanda, na waliotunga."

"Anawataja?"

"Ndiyo, mama."

Alikaa kidogo. Kisha akaanza kuyataja majina ya wanawake aliopiga nao muheme Chamwino alipokuwa msichana, aliyeongoza, waliobana ngoma kubwa, waliokuwa wakiitikia upande wake. Kumi na mmoja. Wengine akataja na jina la baba, mmoja akataja na kilima walikokuwa wakiishi. Nilichukua karatasi iliyokuwa karibu, ile ya solfa yenye nafasi tupu na mshale, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake. Jina la saba alilisahau. Alilikumbuka asubuhi, akaniita kutoka chumbani kabla hajatoka kitandani.