Gundi nyeupe ya "karatasi zote": kwenye krafti safi sana, kwenye karatasi ya kung'aa usijaribu

Naiongelea hii gundi ya maji ya PVA, ile nyeupe ya kwenye ndoo au mapipa ambayo lebo inasema inashika karatasi za aina zote, sisi tunaitumia kubandikia ule ulimi wa boksi kwenye mashine ya kukunja. Jina la kampuni naliacha maana kusema ukweli nyingi zinafanana, na gundi yenyewe sio mbaya, shida ni hayo maneno "karatasi zote".

Kwenye krafti, ile karatasi ngumu ya kahawia ya maboksi, ikiwa ya nyuzi mpya naipa nyota tano bila kujiuliza. Gundi ya aina hii inashika kwa karatasi kufyonza maji yake, maji yakishaondoka zile chembechembe zinaungana zinakuwa utando ulioshikana na nyuzi, na krafti nzuri inafyonza kwa kiasi kwahiyo mstari mwembamba tu unatosha. Acha ikauke kabisa halafu chana ulimi kwa mkono: ukiona uso wa karatasi umeng'oka na manyoya ya nyuzi yamebaki upande wa pili, hapo imeshika kweli. Ukiona imeachia safi, utando unang'aa upande mmoja kama hakuna kilichotokea, gundi haikuingia hata kama boksi kwa macho limefunga vizuri, na hilo litafunguka tu likishapangwa kwenye paleti.

Karatasi za kurejelezwa ndo vichwa vya watu vinauma. Rola moja inafyonza kama sponji, gundi inazama kabla ulimi haujagusa ukuta na unabaki na mstari mkavu, rola inayofuata imetiwa dawa ya kuzuia maji na gundi inakaa juu inateleza. Kwa macho zote ni kahawia tu. Mwenye maabara anapima Cobb, yaani gramu za maji zinazofyonzwa na mita moja ya mraba kwa muda maalum, mara nyingi sekunde 60, ila hata usipokuwa na maabara dondosha tone la maji kwenye karatasi uliangalie, likizama fasta unahitaji gundi nzito zaidi, likikaa limeviringika juu jua utabana kwa muda mrefu zaidi au utafute gundi nyingine. Na jamani maopereta, acheni kuongeza maji kwenye ndoo ili itoke vizuri kwenye nozo!! Unapunguza ile sehemu inayoshika, unabaki unalowesha kadibodi mpaka inalainika na kupinda. Vumbi nalo, kwenye hizi karatasi makali yakikatwa yanatoa vumbi jingi na gundi inashika vumbi badala ya karatasi.

Karatasi nyeupe iliyopakwa udongo mlaini usoni, bila vanishi, inashika, sema taratibu, punguza spidi ya mashine. Ikishapigwa vanishi ya UV au laminesheni ya plastiki sahau kabisa, maji hayana pa kwenda. Hapo dawa ya kwanza wala sio gundi, ni mtu wa dizaini kuacha eneo la ulimi bila vanishi toka kwenye kuchapa, kitu cha bure ambacho kila siku kinasahaulika. Ikishindikana kuna gundi maalum za uso usiofyonza, au kuupiga uso kwa korona kwanza, yaani cheche za umeme zinazoufanya ukubali gundi, wengi wanataka kalamu ya kupimia isome daini (kipimo cha jinsi uso unavyokubali kulowa) 38 kwenda juu.

Kuna anayekimbilia gundi ya moto, ile ya plastiki inayoyeyushwa kwanza. Inaganda ndani ya sekunde chache na haitegemei kufyonza, kwahiyo kwenye uso mgumu inasaidia, ila zile za kawaida za EVA (aina ya plastiki) zinapakwa kwenye digrii 160 mpaka 180 hivi, na boksi likikaa kwenye kontena lenye joto kali inalegea, likienda friza inakuwa ngumu inakatika. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya friza, uliza kabla hujanunua. Kadibodi ikiwa ya baridi sana pia inaganda kabla haijaenea.

Na kama unawaza kuitumia hii PVA kuunganishia mawimbi ya kadibodi yenyewe, hapana, huko wanga unatosha kabisa. Wanga mbichi unaelea ndani ya uliopikwa, kostiki (magadi makali ya kiwandani) inashusha joto la kuiva, boraksi inaongeza mnato, halafu unaivia palepale kwenye mstari wa gundi kwenye digrii sitini na kitu. Boksi la sehemu yenye unyevu unaongezwa rezini, basi.

Kwa ujumla naipa nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya lebo. Ukiinunua usiiache igande kwa baridi, ikishaganda inabadilika kuwa mabonge na hairudi, na usiku mashine ikizimwa nozo iache ndani ya maji au ifunikwe kwa kitambaa kibichi, la sivyo asubuhi unaanza kazi na sindano ya kuzibulia.