DeWalt DW788 kwa nakshi za wanyama: mashine ni nzuri, bledi zichague mwenyewe

Msumeno wa nakshi (scroll saw) hupimwa kwenye kona kali. Ncha ya sikio la tembo, ukwato wa swala, mkunjo wa mkia wa nyani: mashine ikitetemeka hapo, ukingo unatoka na meno, na msasa haufiki humo kurekebisha. DW788, msumeno wa nakshi wa umeme wa DeWalt, imetulia vizuri mno, kwa kuwa mikono yake miwili inayoshika bledi juu na chini inaendeshwa na fito sambamba na sehemu inayocheza ni fupi. Nafasi kutoka bledi hadi nyuma ni inchi 20, kasi ni mipigo 400 hadi 1,750 kwa dakika, na swichi, kasi na kikaza bledi vyote viko mbele, karibu na mkono.

Inatumia bledi za inchi 5 zisizo na pini (kijiti kidogo kinachovuka kila ncha ya bledi), na kwa kazi ya wanyama hilo ni jambo kubwa. Bledi ya pini inadai tundu la karibu milimita 5. Jicho la ndege litapotea lote. Isiyo na pini inapita kwenye tundu la milimita 1.5.

Kwa plaiwudi ya milimita 6, weka bledi namba 2 (namba ikipanda, bledi ni nene zaidi) yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa juu, la sivyo upande wa chini unachanika. Mninga au mkangazi wa milimita 18 unakwenda na namba 5. Mpingo ni habari nyingine: ukitumia bledi nyembamba kwa kasi kubwa, mbao inaungua na bledi inapinda ndani, kisha umbo la juu linatofautiana na la chini. Panda hadi namba 7, punguza kasi, bandika selotepu pana juu ya mchoro uliobandikwa kwenye mbao, na usisukume; acha meno yale yenyewe.

Meza inalala digrii 45 pande zote mbili, na hapo ndipo mashine hii inanipendeza zaidi. Kwa mistari ya pundamilia, bandika mpingo na mbao nyeupe moja juu ya nyingine, kila moja milimita 6, laza meza digrii 3 hadi 4, kata zote kwa pamoja ukizunguka upande uleule mwanzo hadi mwisho. Kipande cha juu kinashuka ndani ya cha chini bila mwanya. Kikilegea, ongeza digrii kidogo. Kikikwama kabla ya kulingana, punguza. Jaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa.

Usiuamini mshale wa digrii pekee unaporudisha meza. Chana kidogo ubao wa milimita 40, zima, ugeuze uje nyuma ya bledi. Bledi ikiingia kwenye mchano huo bila kugusa popote, meza iko sawa. Bila hivyo vipande vya fumbo la mnyama vitatoka upande mmoja tu.

Kasoro mbili. Mkono wa juu haukai juu wenyewe unapopitisha bledi matunduni, kwa hiyo kwenye picha yenye matundu mengi mkono wako mmoja unakuwa na kazi ya kuushikilia. Wengi huuwekea kitegemeo. Stendi nayo inauzwa peke yake, na ukiifunga kwenye meza nyepesi mtetemo unarudi. Kipuliza vumbi kinaweka mstari wazi, lakini hakikusanyi kitu: vaa barakoa, hasa kwa mpingo na mtiki.